Kwanza Logibuku, Bisibisi Baadaye

Mzee mmoja wa Mombasa, anayekaa mtaa wa pili kutoka gereji yangu hapa Leicester, alinijia Jumamosi moja na Peugeot 504 ya mwaka 1978. Rangi ya maziwa, buti limebonyea kidogo upande wa kushoto, injini inanguruma kwa raha zake. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba bila hata kunitazama, maana macho yake yalikuwa kwenye bampa. Alikuwa amefunga vibao vipya vya namba: vyeusi tititi, herufi za rangi ya fedha zinametameta.

"Fundi," akasema, "gari la marehemu baba lilikuwa hivihivi pale Kibokoni. Limerudi."

Sikutaka kumtia ila siku kama ile. Nilimkaribisha chai, nikalizunguka gari mara moja, kisha nikaingia ndani kuchukua rula.

Kila wiki huulizwa swali la vibao vyeusi, na wanaouliza wengi wao ni watu wetu waliokulia na magari ya aina hiyo. Uingereza ilianza kuyalazimisha magari kubeba namba tarehe 1 Januari 1904, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, na mtindo wa herufi nyeupe juu ya kibao cheusi ukavuka bahari pamoja na Waingereza wenyewe. Ndiyo maana mtu wa Mombasa, Nairobi au Kampala mwenye umri wa kutosha akiona kibao cheusi humkumbuka baba, mjomba, au mwalimu mkuu aliyekuwa na gari peke yake kijiji kizima.

Hapa Uingereza kwenyewe mambo yaligeuka tarehe 1 Januari 1973. Gari lolote lililoandikishwa mara ya kwanza kuanzia siku hiyo lilipaswa kuwa na vibao vinavyorudisha mwanga: cheupe mbele, cha manjano nyuma, herufi nyeusi. Sababu yake ilikuwa usiku. Kibao cha rangi hulala gizani mpaka kimulikwe vizuri. Kile cha kurudisha mwanga huwaka mara taa za gari la nyuma zinapokigusa. Leo kamera za barabarani zinategemea jambo hilohilo, ila zenyewe hutumia mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni.

Kwa hiyo 504 ya mzee, ilipotoka dukani hapa mwaka 1978, haikuwa na vibao vyeusi. Ilikuwa na cheupe na cha manjano. Vyeusi vilikuwa kwenye pacha wake kule Mombasa. Wapenzi wa magari ya kale wenye msimamo mkali watakwambia kulivalisha gari la 1978 kibao cheusi ni kulizulia historia isiyo yake, na mimi, nikiulizwa kama fundi, naegemea upande wao. Manjano iliyokaukakauka nyuma ya 504 ina uzuri wake. Lakini sheria haiulizi gari lilivaa nini lilipokuwa jipya. Inauliza mambo mawili tu, na hapo ndipo mzee alipokuwa amejikwaa.

La kwanza ni tarehe ya kutengenezwa. Gari liwe limetengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1980. Mpaka mwisho wa mwaka 2020 mstari huo ulikuwa unatembea: kila mwaka magari yaliyotimiza miaka 40 yaliingia kwenye kundi la kuruhusiwa. Kuanzia Januari 2021 mstari ukasimamishwa, na haukusogea tena. Watu wengi hawakusikia. Nimeshamrudisha kijana mmoja mwenye 504 ya mwaka 1982 aliyekuwa na hakika kabisa kwamba miaka 40 ikishatimia kila kitu kinaruhusiwa. Gari lake ni la kihistoria kwa upande wa kodi, halilipi hata senti, lakini vibao vyake vitabaki cheupe na cha manjano maisha yake yote.

La pili ni daraja la kodi. Gari liwe limeandikishwa katika daraja la magari ya kihistoria. Neno la kushika hapa ni "limeandikishwa". Kufikia umri hakutoshi. Daraja halibadiliki lenyewe usiku wa manane kwa sababu gari limezeeka. Mwenye gari huomba.

Nilimwomba mzee logibuku. Hapa karatasi hiyo inaitwa V5C. Mtanzania angeiita kadi ya gari. Akaitoa kwenye bahasha ya kaki, imekunjwa mara nne. Tarehe ilikuwa safi: 1978. Nikashusha kidole mpaka kwenye daraja la kodi, nikakuta PRIVATE/LIGHT GOODS, yaani gari la kawaida la binafsi. Aliyemuuzia alikuwa amelilaza gari bandani miaka mingi, ametangaza serikalini kwamba haliendi barabarani, na kwa kuwa halikuwa likitozwa kodi hakuona sababu ya kubadilisha chochote. Lilistahili kuingia daraja la kihistoria tangu tarehe 1 Aprili 2019. Hakuna aliyeliingiza.

"Kwa hiyo gari ni la zamani," mzee akasema, "ila karatasi hazijui."

Ndivyo hasa. Na karatasi ndizo zinazosomwa.

Dawa yake si ngumu. Unakwenda na logibuku kwenye posta inayoshughulikia kodi ya magari, unaomba daraja libadilishwe, wao wanaipeleka DVLA, mamlaka ya uandikishaji wa magari, kule Swansea, na baada ya muda unaletewa logibuku mpya yenye neno HISTORIC. Kodi inakuwa sifuri. Lakini hata sifuri hiyo lazima uiombe upya kila mwaka. Ukisahau, unahesabiwa kuwa unaendesha gari lisilolipiwa kodi. Gari la biashara, hata likiwa na umri wa babu yako, haliingii daraja hili. Mwenye kukodisha gari la kale kwa maharusi ajue hilo mapema.

Mzee akakubali kurudisha vibao vya zamani kwa muda. Alikuwa hajavitupa, alhamdulillahi. Vilikuwa kwenye buti, vimefungwa gazeti.

Tukabaki na hivi vyeusi juu ya meza, na sasa rula ikapata kazi. Alivinunua kwenye maonyesho ya magari ya kale, kwenye kibanda kimoja, kwa pesa taslimu. Nikamuuliza kama muuzaji alimwomba kitambulisho au logibuku. Hakumwomba. Hapo pangetosha kumshtua, kwa sababu muuzaji wa vibao vya barabarani lazima awe amesajiliwa, na lazima aone vitu viwili kabla hajakutengenezea: kitu kinachothibitisha wewe ni nani, kama leseni ya udereva, na kitu kinachothibitisha una haki ya kutumia namba hiyo, kama logibuku. Utaratibu huu uliwekwa kwa sababu ya wezi wanaonakili namba za watu. Anayekuuzia bila kuuliza kitu anakuuzia pambo. Tulipogeuza kibao tukakuta maandishi madogo mgongoni yanayosema kwamba si cha kutumika barabarani.

Mbele kulikuwa na tatizo jingine. Namba za kipindi hicho zina herufi tatu, kisha tarakimu, kisha herufi moja ya mwisho inayoonyesha mwaka. Kwa gari la mzee herufi hiyo ni S, iliyotolewa kuanzia Agosti 1977 mpaka Julai 1978. (Katika zile tatu za mwanzo, mbili za mwisho zilionyesha gari liliandikishwa wapi. Za mzee ni JF, na JF ni Leicester yenyewe. Gari halijawahi kuhama mji.) Sasa, namba ya namna hii ina makundi mawili tu: herufi tatu upande mmoja, tarakimu pamoja na S upande wa pili. Aliyetengeneza kibao cha mzee aliifanya makundi matatu. Aliisukuma S kando ikasimama peke yake mwishoni kama mgeni aliyekosa kiti.

Nikapima. Vipimo vya sheria ni hivi: kila herufi iwe na urefu wa milimita 79 na upana wa 50, isipokuwa tarakimu 1 na herufi I ambazo kwa umbo lake ni nyembamba. Unene wa mstari uwe milimita 14. Kati ya herufi na herufi ndani ya kundi pawe na 11, kati ya kundi na kundi 33, na pembezoni pande zote pasipungue 11. Kibao cha mistari miwili kiwe na 19 kati ya mstari wa juu na wa chini. Cha mzee kilikuwa na milimita 22 kati ya makundi ya kwanza na nyingine 22 kabla ya S. Kwa macho unaona kimekaa vizuri. Kwa rula hakuna hata nafasi moja kati ya hizo iliyo sahihi.

Kuna watu huchezea nafasi hizi makusudi ili namba isomeke kama jina. Wengine, kama fundi wa kibanda kile, hawajui tu. Sheria haitofautishi. Faini yake inaweza kufika pauni 1,000.

Halafu kuna jambo ambalo naliona wenye magari ya kale hawalifikirii. Gari la kawaida hukaguliwa kila mwaka kwenye MOT, na vibao ni sehemu ya ukaguzi. Vikiwa na kosa gari linaanguka na unarekebisha. Tangu Mei 2018 magari mengi yaliyopita miaka 40 hayalazimiki kwenda MOT, mradi hayakubadilishwa sana kutoka yalivyoundwa. Watu wanaifurahia nafuu hiyo. Lakini maana yake ni kwamba hakuna tena fundi wa kukwambia mwezi wa tatu kwamba S yako imekaa vibaya. Wa kwanza kukwambia atakuwa polisi. Mimi huwashauri wateja wangu walipeleke gari MOT kwa hiari, kwa ajili ya breki zaidi kuliko vibao, lakini na vibao pia.

Vibao vipya vya mzee tuliviagiza kwa muuzaji aliyesajiliwa baada ya logibuku kurudi. Tulichagua alumini iliyogongwa herufi zikatokeza, si plastiki. Kuvifunga ni kazi ya nusu saa ukijua pa kutoboa. Usitoboe katikati ya herufi wala pembeni yake kwa karibu. Kichwa cha skrubu kinaweza kuigeuza F ikaonekana E, au kuifunga C ikawa O. Weka alama kwa penseli kwanza juu ya utepe wa karatasi, tazama kwa mbali, ndipo ushike drili. Kwenye kibao cheusi tumia vifuniko vyeusi vya skrubu. Nyeupe kati ya herufi za fedha inasomeka kama kipande cha herufi. Mabano ya bampa la 504 ni ya chuma, na alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi ya majira ya baridi hulika haraka, basi nilitia washa za plastiki mbele na nyuma ya kila tundu. Kibao kisimame wima, kisilale kutazama mbingu.

Ukivuka kwenda Ufaransa, kibao cheusi hakikuondolei wajibu wa kubandika alama ya UK nyuma ya gari. Stika ya zamani ya GB haikubaliki tangu Septemba 2021, hata kama inapendezana na gari.

Mzee alikuwa na swali moja la mwisho, na najua si lake peke yake. Nduguye bado ana kibao kimoja cha gari la baba yao, kimehifadhiwa Mombasa. Je, akiletewa, anaweza kukifunga hata mbele tu, siku za sherehe? Hawezi. Gari lililoandikishwa Uingereza linabeba namba ya Uingereza mbele na nyuma. Na hata angelileta gari lenyewe kutoka Mombasa, likishaandikishwa hapa lingepewa namba ya hapa inayolingana na umri wake. Kibao cha Mombasa kitundikwe sebuleni.

Tulimaliza jua limeshazama. Jambo la mwisho lilikuwa taa ya namba ya nyuma, ambayo usiku lazima iwake. Kibao cheusi hakirudishi mwanga, kwa hiyo taa ile ndiyo tegemeo lake lote. Balbu ilikuwa nzima ila kioo chake kilikuwa kimepigwa rangi ya maziwa pamoja na buti, na fundi wa rangi wa zamani hakuona tabu. Nikaikwangua kwa wembe. Mzee akarudi nyuma hatua kumi, kumi na tano, akasoma namba yake kwa sauti kama mtoto wa chuoni, akapiga picha na kumtumia nduguye.

Jibu lilikuja kabla hatujafunga gereji. Akaniwekea simu sikioni nisikilize sauti ya mzee mwenzake: gari lilelile, kibao kilekile, mashaallah. "Lakini hiyo S ya mwisho umeipata wapi? La baba halikuwa na herufi mwisho."

Ni kweli. Kenya ilianza kuweka herufi ya mwisho mwaka 1989.