Nani Amekula Sukuma ya Mama?

Sukuma wiki za mama mmoja pale Kitale zimelala nzima, zimeamka na matundu. Nani amekula? Kuku, anasema mtoto mmoja. Jongoo, anasema mwenzake. Tulieni, wapwa zangu. Tusimshtaki mtu kabla ya kutazama.

"Mjomba, mwizi mwenyewe hayupo. Tutamjuaje?"

Swali zuri hilo! Kila mdudu ana namna yake ya kula.

Mche umelala chini, shina limekatwa pale penye udongo? Huyo ni sota. Hula usiku, mchana hujificha. Fukua kidogo kando ya mche, utamkuta mnene, amejikunja.

Jani limeliwa upande wa chini, juu imebaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga? Huyo ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Mguse kwa kijiti. Atajinyonganyonga kinyumenyume, ajiangushe, aning'inie kwa uzi. Basi, amekiri!

Na jani lililojikunja? Lipindue. Wale wadogo wa kijivu waliojipaka unga ni vidukari. Hawatafuni, wanafyonza utomvu.

Sasa twende Bungoma, kwenye kunde. Huku vidukari ni weusi, na sisimizi wanapanda na kushuka. Hebu tumuulize mmoja. Sisimizi, nawe unakula kunde?

"Mimi? Kunde sili! Hawa vidukari ni ng'ombe wangu. Nikiwapapasa, wananipa tone la maji matamu. Kazi yangu kuwalinda na adui."

Adui gani?

"Yule mwekundu wa mviringo, mwenye madoa meusi mgongoni. Na watoto wake, weusi, warefu, wana vimiiba. Wananimalizia ng'ombe!"

"Mjomba, kumbe adui wa sisimizi ni rafiki yetu?"

Umeona mwenyewe, bingwa wangu! Lakini watoto wale wenye vimiiba huuawa ovyo, eti kwa sababu wana sura mbaya. Jambo hilo huniudhi sana. Sura mbaya imekula jani la nani?

Mmoja tu sina mzaha naye: kiwavijeshi vamizi. Mwaka 2017 aliingia Kenya, akashambulia mahindi ya Bungoma na Trans-Nzoia. Ukifunua mahindi pale katikati majani yanapochipukia, ukakuta kinyesi chake kama vumbi la mbao lililolowa, mtafute. Usoni ana mstari mweupe, herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne meusi, yamekaa mraba.

"Nikimwona nimpulizie dawa?"

Hapana, mpwa wangu. Dawa ni kazi ya wakubwa, usiiguse kabisa. Kesho asubuhi, kabla umande haujakauka, pindua majani ya sukuma moja baada ya jingine. Kisha mwambie mama umemwona nani, amekula wapi, na kama wale wenye vimiiba wapo, mwombe asiwaue.