Kabla ya kununua runinga, jua mwanga wake watoka wapi

Mnunuzi anayeingia katika duka la vifaa vya elektroniki siku hizi hulakiwa na msitu wa herufi: LCD, LED, QLED, OLED, HD, 4K. Wauzaji huzitaja kwa kasi kana kwamba kila moja ni mtambo tofauti, naye mteja aliyejinyima miezi kadhaa ili apate fedha hizo hujikuta akichagua kwa kukisia.

Ukweli ni kwamba runinga bapa zinazouzwa kwa wingi ni za aina mbili tu. Aina ya tatu, plazma, iliyosifika kwa ubora wa weusi wake na kulaumiwa kwa kula umeme, ilitoweka baada ya Panasonic kuacha kuiunda mwishoni mwa 2013, nazo Samsung na LG zikafuata 2014.

Aina ya kwanza ni LCD. Kioo chake hakitoi mwanga wowote. Kina fuwele za kimiminika ambazo hufungua na kufunga njia ya mwanga unaotoka kwenye taa zilizo nyuma yake. Zamani taa hizo zilikuwa mirija myembamba, kisha zikaja taa ndogo za LED. Kwa hivyo, inayoitwa runinga ya LED ni LCD ile ile iliyobadilishwa taa. Hata QLED, jina ambalo Samsung ilianza kulitumia 2017, ni LCD iliyoongezewa tabaka la chembechembe za kukoleza rangi. Hilo wauzaji hulisema kwa nadra.

Aina ya pili ni OLED, ambapo kila pikseli hujiwasha na kujizima yenyewe. Penye giza katika filamu huwa giza totoro, wala si kijivu. Rangi pia hazipauki kwa mtazamaji aliyeketi pembeni, jambo lenye uzito katika sebule ambazo viti huzunguka kuta zote.

Kasoro yake ni bei, pamoja na hatari ya picha isiyosogea kuacha alama ya kudumu. Mwenye mkahawa anayewasha kituo kimoja cha habari tangu alfajiri hadi usiku huenda akaikuta nembo ya kituo hicho imejichora kwenye kona hata wakati wa kandanda. Huyo LCD inamfaa zaidi. Vivyo hivyo mwenye sebule inayoingiwa na jua, kwani LCD yenye taa kali hustahimili vyema mwangaza wa dirishani.

Kuhusu pikseli, HD kamili ina 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni 2. 4K ina zaidi ya milioni 8. Hata hivyo, anayeketi mita 3 kutoka runinga ya inchi 43 si rahisi kuona tofauti, na kipindi kilichopeperushwa kwa ubora wa chini hakipati undani mpya kwa kuonyeshwa kwenye 4K.

Kwa Mkenya, lenye manufaa zaidi ni kuuliza iwapo runinga ina king'amuzi cha ndani cha DVB-T2, mfumo unaotumika nchini tangu matangazo ya analogia yalipozimwa 2015. Kikiwemo, vituo visivyolipiwa hupatikana bila kisanduku cha ziada.

Dukani, runinga nyingi huongezwa mwangaza kupita kiasi ili zivutie macho. Mnunuzi na amwombe muuzaji aurejeshe katika kiwango cha nyumbani, aonyeshe filamu yenye matukio ya usiku, kisha asogee pembeni kabisa na kuitazama kutoka huko.