Mashine ijumlishe, kaye ishuhudie



Kila msimu wa kahawa swali ni lile lile: kilo zangu zimeandikwa sawa? Katika koperative moja tunayoisindikiza karibu na Bukavu, mama mwenye kushika kaye alikuwa anajumlisha usiku kwa kalkuleta na tochi. Malipo yakachelewa, manung'uniko yakaanza.

Sisi wanaagronomu hatukusomea kuandika programu. Basi tulijaribu msaidizi wa akili bandia anayefanya kazi ndani ya terminali, yaani lile dirisha la ordinatere lenye maandishi matupu, ambamo unaandika amri badala ya kubofya picha. Wasaidizi wa namna hiyo wako wengi. Mmoja ni Aider, aliyetoka mwaka 2023. Programu yake iko wazi: kila mtu anaruhusiwa kuichukua bure, kuisoma na kuirekebisha. Lakini tusidanganyane: "ubongo" anaoutumia mara nyingi unakaa mbali, kwenye mashine za kampuni, na huo unalipiwa, pamoja na intaneti. Unaweza kuweka ubongo mdogo katika ordinatere yako, ila inataka mashine yenye nguvu.

Tuliandika kwa maneno ya kawaida: "Tengeneza programu ya kujumlisha kilo za kila memba na kuzizidisha kwa bei." Baada ya dakika chache ilikuwa tayari. Tulifurahi mapema mno.

Kwenye orodha, memba mmoja alionekana ameleta kilo 125 kwa siku moja. Mama akacheka: "Hicho kikapu nani alikibeba?" Kwenye kaye ilikuwa 12,5, kilo kumi na mbili na nusu. Sisi huku tunaandika nusu kwa mkato, kama Wafaransa. Waingereza na Wamarekani wanatumia nukta. Mkato kwao unatenganisha maelfu. Programu ilifuata desturi yao, kwa sababu hatukuieleza yetu. Tungelipa hivyo, sanduku lingekauka kabla ya wa mwisho kufika.

Tulieleza, programu ikarekebishwa. Sasa inafanya kazi hata bila intaneti, maana ikiisha kuandikwa haimhitaji tena msaidizi.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunashauri:

- Kaye isitupwe. Ndiyo shahidi.
- Kabla ya malipo, chagueni majina 10, mpige hesabu kwa mkono, mlinganishe.
- Majina na namba za simu za wanamemba zisipelekwe kwa msaidizi. Tumieni namba za kadi.
- Wekeni nakala ya faili kabla ya kubadilisha kitu. Kwa Aider, ukiandika /undo, badiliko lake la mwisho linafutwa.

Na wewe memba, usiogope ordinatere. Siku ya malipo, omba uonyeshwe mstari wako kwenye kaye na kwenye orodha. Zikipishana, usiweke sahihi kwanza.