Piloti anasoma nini mbele ya kuondoka Luano?

Wengi kati yetu tunatuma ao kupokea mizigo kwa ndege: vitenge na fumbwa toka Kinshasa, dawa, nguo za watoto. Tunabishana kilo na mtu wa mizani, ndege inapaa, tunasahau. Juma hili tuangalie karatasi ambayo piloti anaisoma mbele ya kuondoka, maana kilo zile zimo ndani ya hesabu yake.

Kila uwanja mkubwa wa ndege una ukurasa wake. Wetu wa Luano unaandikwa FZQA: F ni upande wetu wa Afrika, Z ni Kongo, herufi mbili za mwisho ni Luano yenyewe. (Zile FBM zinazobandikwa juu ya valizi ni za wasafiri.) Chini yake kuna picha ya pisti, ile njia ndege inapokimbilia, na namba 07 na 25. Hili tunalifundisha darasani na watoto wanalipenda: kwa dira, pisti inaelekea karibu digrii 70, tunaondoa sifuri ya mwisho, inabaki 07. Ukigeuka, unaongeza 180, inakuwa 250, yaani 25.

Lakini namba zenye uzito ni zingine. Pisti ya Luano ina urefu wa karibu mita 3,200. Kimo chake juu ya bahari ni karibu mita 1,300, wakati Ndjili ya Kinshasa ni karibu 300 tu. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na mchana wa mwezi wa kumi joto linaifanya nyepesi zaidi. Mabawa yanakosa hewa ya kutosha ya kuegemea, kwa hiyo ndege ileile, na mzigo uleule, inakimbia mbali zaidi hapa kabla ya kuinuka. Piloti anaweka pamoja urefu, kimo, joto na kilo. Kilo iliyofichwa inaharibu hesabu bila yeye kujua.

Tena namba zinabadilika. Kule Goma, Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulifunika sehemu ya pisti, ikabaki fupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ilishindwa kuondoka pale, ikapita mwisho wa pisti na kuingia Birere, mtaa wa soko. Ndiyo maana, pamoja na ukurasa, piloti anasoma matangazo ya siku: taa zimezimika, pisti inatengenezwa, imefupishwa.

Na Kinshasa, tarehe 8 Januari 1996, Antonov iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kuinuka Ndolo, ikaingia katika soko la Simbazikita. Walikufa watu zaidi ya 200, wengi wamama na watoto. Hawakuwa wasafiri. Walikuwa sokoni.

Basi, mtu wa mizani akituomba kitu kidogo ili asiandike kilo zote, tukatae. Na kifurushi cha jirani tunachobeba mkononi, nacho kipandishwe juu ya mizani.