Dawati Linalocheza na Mkono wa Chuma wa Keroka

Umewahi kukalia dawati linalocheza? Unaandika insha, mwenzako anasogeza kiwiko, na herufi yako inaruka nje ya mstari. Wengi hukunja karatasi wakaisukumiza chini ya mguu mmoja, mambo yakaisha. Leo nataka mjue, wajukuu wangu, mchezo ule ulianzia wapi. Ulianza siku mbao za dawati zilipokatwa.

Keroka mnaijua: mji uliokaa mpakani, huku Kisii, huku Nyamira, matatu za Sotik zikipiga honi katikati. Hapo palikuwa na kibanda cha mabati ambamo mafundi wanne waligawana kodi, stima na mashine. Mimi nilikuwa wa madawati. Mwenzangu mmoja alitengeneza milango, mwingine vitanda, na wa nne alikuwa mama wa fremu za picha, mwenye mkono mtulivu kutushinda sote.

Mashine yetu kubwa ilikuwa msumeno wa duara unaoning'inia. Piga picha nguzo ya chuma nyuma ya meza. Juu ya nguzo umelala mkono mrefu wa chuma unaokuja mbele, na chini ya mkono huo mota na msumeno wake hutembea kwa magurudumu madogo, kama behewa kwenye reli. Ubao unaulaza mezani, unauegemeza kwenye kizuizi cha nyuma, halafu unavuta msumeno kuelekea kwako. Mmarekani Raymond DeWalt ndiye aliyeibuni mashine ya namna hii mwaka 1922, akiwa msimamizi wa kiwanda cha mbao huko New Jersey. Yetu nayo ilitoka Marekani, imeshatumika. Kibati chake kilisema mizunguko 3,450 kwa dakika, lakini hiyo ni kwa umeme wao wa hezi 60. Wetu ni hezi 50, kwa hiyo ilizunguka kama mara 2,875. Kwa mbao za saipresi na mkaratusi, mwendo huo ulitosha kabisa.

Sifa ya mashine hii ni kwamba mkono wake unageuka. Ukitaka kukata mshazari, unalegeza kishikio, unazungusha mkono, unakaza. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyotutesa. Asubuhi mama wa fremu anageuza apate nusu ya pembe mraba. Saa nne wa milango anaurudisha, kwa jicho. Mchana mimi nakata miguu ya madawati nikiamini mkono umenyooka, kumbe umepotoka nyuzi moja tu. Nyuzi moja ni kitu gani? Kwenye ubao wenye upana wa sentimita 30, nyuzi moja ni karibu milimita 5. Hapo ndipo dawati lako lilipoanza kucheza.

Tulilaumiana kwa miezi. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba yeye huacha mkono sawa.

Jumapili moja tukafunga kibanda, tukachomoa plagi, tukaifungua mashine yote. Tulianza na meza. Ilikuwa ya chipubodi, na huku kwetu mvua haikosi mwezi, kwa hiyo ilikuwa imevimba kama mkate ulioloweshwa chai. Tuliitupa, tukafunga mbao ngumu zilizokauka vizuri. Kisha tukatoa msumeno kwenye mota, tukafunga kijiti mahali pake, tukakipitisha juu ya meza yote, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kilipogusa tulishusha meza, kilipopita hewani tuliinua kwa vipande vya bati chini ya bolti. Kazi ya kuchosha. Wa vitanda alisema ni kama kumtafuta chawa kwenye blanketi, lakini ndiye aliyekataa kuacha mpaka saa kumi na moja jioni. Juu ya meza tukapigilia ubao mwembamba wa kuliwa na msumeno, ambao ukichakaa unang'olewa.

Ndipo tukaurudia mkono. Tulirudisha msumeno, tukachagua jino moja, tukalitia alama kwa kipande cha jiwe la sabuni la Tabaka, lilelile wanalochonga viboko na vinyago, maana huandika vizuri kwenye chuma. Tukaweka guniya, kile kipimo cha pembe mraba, dhidi ya kizuizi, tukavuta msumeno taratibu kwa mkono. Jino likiendelea kulikwaruza guniya kidogo vilevile toka nyuma hadi mbele, mkono umenyooka. Letu liliachana na guniya njiani. Tulilegeza, tukagonga kwa nyundo ya mpira, tukakaza, tukarudia. Mara ya tisa jino lilikwaruza njia yote.

Sasa ikaja sehemu ngumu, na haikuhitaji spana. Nilisema mkono huu usigeuzwe tena. Tufunge kishikio kwa waya, ukate mraba tu.

Mama akasimama. "Na fremu zangu nikakatie wapi? Nyinyi wa mraba mmeshinda, mimi nihame?"

Alikuwa na haki. Sikuwa na jibu, na nilinyamaza. Aliyelipata ni yeye mwenyewe, baada ya siku tatu. Alichukua ubao wenye kona moja ya mraba kamili, akaufunga mezani ile kona ikielekea kwenye njia ya msumeno, ukawa na ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia. Kipande kimoja cha fremu alikikata kwenye ubavu wa kushoto, mwenzake kwenye wa kulia. Hata ule ubao ukikaa upande kidogo, kinachozidi kushoto kinapungua kulia, na vipande viwili vikikutana vinaleta kona ya mraba. Sijaona akili nzuri kuliko hiyo katika kibanda kile. Akimaliza, anafungua ubao wake, anautundika. Mkono haujaguswa.

Kuna mambo mengine tuliyorekebisha, na haya msiyacheze. Msumeno huu hupenda kupanda juu ya ubao na kukujia wenyewe, kwa sababu meno huvuta kuelekea uliposimama. Tulinunua msumeno wenye meno yanayoegemea nyuma, ambao hauna pupa hiyo. Tukainamisha meza na mashine nyuma kidogo, tukafunga utepe wa tyubu ya baiskeli, ili ukiachilia mota irudi nyuma na isikufuate. Kinga ya msumeno haikutolewa tena. Marekani, mwaka 2000, wenye misumeno ya aina hii zaidi ya milioni 3 walitakiwa waifunge kinga bora, kwa ajili ya vidole vya watu. Sentimita 15 kila upande wa njia ya msumeno tulipaka rangi nyekundu: mkono wa mtu hauingii hapo. Na tukaweka swichi ya sumaku. Mnajua stima yetu: hupotea, watu hupumzika, hurudi bila hodi. Swichi ya kawaida ikiachwa imewashwa, mashine huamka peke yake mtu akiwa ameinama juu yake. Ya sumaku hujizima stima ikipotea, na haiwaki mpaka ubonyeze.

Siku moja mjukuu wa fundi wa vitanda, msichana wa darasa la tano, alikuwa akipita akitoka shule. Alinikuta nikikata ubao mpana vipande viwili, nikageuza kimoja juu chini, nikavikutanisha tena kwenye kizuizi.

"Babu, unaukata halafu unaurudisha?"

Nikamweleza: ukigeuza kipande kimoja, kosa la mkono linajionyesha mara mbili. Mwanya ukitokea mbele au nyuma, mkono umepotoka nusu ya mwanya huo. Hata wewe unaweza kujaribu nyumbani kwa karatasi na makasi.

Alichana kipande cha ukurasa wa daftari lake, akajaribu kukipitisha kwenye kiungo. Mbele kikaingia. Nikachomoa plagi, nikagonga mkono kidogo, nikakaza, nikakata upya. Akajaribu mbele, akajaribu nyuma, ulimi nje kwa bidii.

Karatasi haikupita. Akaniomba vile vipande viwili, akaviandika tarehe kwa penseli, akavitundika kwenye msumari karibu na mlango, na kila Jumatatu baada ya hapo alikuja na karatasi yake.