Mchakamchaka wa familia: Njia za kukimbia Kibiti na Rufiji, na zile za kuziacha

MTU akitaja mandhari ya kukimbilia, wengi hufikiria picha za mtandaoni: vilima vya Toscana kule Italia, mashamba ya mizabibu na njia nyeupe za changarawe ambazo watalii hupanda ndege kuzifuata. Mkazi wa Kibiti hahitaji pasipoti. Ana miinuko mifupi inayopanda na kushuka katikati ya mikorosho na minazi, ana njia za mchanga zenye kivuli, na akishuka upande wa mashariki anakutana na mikoko ya delta ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki.

Kinachokosekana si njia, ni mazoea. Wazazi wengi wa leo walilelewa na mchakamchaka wa shuleni: alfajiri, mistari miwili, mmoja anaimba na wengine wanaitikia. Watoto wao wanapelekwa shule na bodaboda, na wakirudi wanakaa na simu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya aheme, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Anayelima, kuchota maji na kutembea kwenda shule huzifikisha bila kuhesabu. Anayeishi mjini Kibiti, Ikwiriri au Bungu maisha ya duka na pikipiki hazifikishi.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa huku hawaisemi sana. Mwaka 2016 na 2017, mauaji ya viongozi wa vijiji na askari yaliwafanya wakazi wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga wafunge milango mapema. Pikipiki zilizuiwa usiku. Mtoto aliyekuwa na miaka minane wakati ule sasa ni kijana, na alijifunza kwamba alfajiri na magharibi si saa za kuwa nje. Familia inayotoka pamoja saa 12 asubuhi, ikasalimia majirani njiani, inajirudishia kitu kilichopotea. Ndiyo maana mbio hizi ni za familia na si za mtu mmoja.

Barabara kuu si njia ya mazoezi

Tuanze na ya kuacha. Barabara ya Kilwa inayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara inapita katikati ya Bungu, Kibiti na Ikwiriri. Ni lami nzuri, imenyooka, na inavutia mguu. Lakini hapo hapo yanapita mabasi ya kusini yanayowahi na malori ya saruji na korosho. Saa za alfajiri, dereva aliyetoka mbali ana usingizi na mtoto wako hana taa.

Kama lazima mguse lami, kimbieni upande wa kulia ili myaone magari yanayokuja, kwa mstari mmoja, mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Vaeni nguo nyeupe au za rangi kali. Vipokea sauti vya masikioni vibaki nyumbani. Na mkifika kwenye njia ya kwanza ya vumbi, ingieni.

Njia za mashambani

Raha ya Kibiti ipo kwenye njia za vumbi zinazochepuka kutoka barabara kuu kuingia vijijini. Nyingi zina mchanga laini usioumiza magoti, na kila baada ya mita mia chache kuna mwinuko mdogo wa kumfundisha mtoto kupanda bila kukata pumzi. Mwambie afupishe hatua, atazame mbele badala ya kutazama miguu, na apunguze mwendo kabla hajachoka. Akiweza kuzungumza huku anakimbia, mwendo unamfaa. Akijibu kwa kichwa tu, tembeeni.

Julai hadi Septemba, mikorosho inapotoa maua, ndiyo miezi mizuri kuliko yote: upepo wa kusi unapoa na njia ni kavu. Ikifika Oktoba msimu wa korosho unaanza, na mashamba yanakuwa na watu tangu asubuhi. Hapo adabu inatangulia mbio: msikate katikati ya shamba la mtu, msiokote chini ya mkorosho usio wenu, na salamu isipungue. Mkimbiaji asiyesalimia kijijini huulizwa ametoka wapi.

Bungu kuelekea Nyamisati

Pale Bungu inachepuka barabara ya kwenda Nyamisati, bandari wanakopandia vyombo wasafiri wa Mafia. Ni ndefu, makumi ya kilomita, kwa hiyo hakuna haja ya kuimaliza. Familia inaweza kuchukua kipande cha kilomita mbili au tatu na kurudi. Wenye vijana wakubwa wanaweza kupanda gari hadi karibu na Nyamisati, wakakimbia kipande cha mwisho na kumalizia kwa kutazama majahazi na mashua zikipakia.

Hapo mtoto apewe historia yake. Katika mikono hii ya delta ndimo meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipojificha baada ya kuizamisha meli ya Waingereza Pegasus kule Zanzibar, Septemba 1914. Waingereza waliifungia humo kwa miezi mingi hadi Julai 1915. Mtoto aliyefika hapo kwa miguu yake hasahau somo hilo upesi.

Ndani ya delta yenyewe hakuna barabara ya kukimbilia. Watu huenda kwa mtumbwi na boti. Watoto wa visiwani hukimbia kwenye viwanja vya mpira na kwenye mchanga maji yakipwa. Mgeni asijaribu bila mwenyeji. Wakati wa bamvua maji hujaa haraka, na tope la mikoko humshika mtu mzima hadi magotini.

Daraja la Mkapa na bonde la mto

Kusini ya Ikwiriri kuna Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu mita 970. Kabla yake watu wa kusini walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikikaza walikwama. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita mbili juu ya mto mkubwa kuliko yote nchini. Hapa shaurini kutembea na si kukimbizana: ni barabara kuu ile ile, magari hayana pa kukwepea, na mtoto mdogo ashikwe mkono.

Kando ya mto ni habari nyingine. Rufiji ina mamba na viboko, na saa wanazopenda kutoka majini ni zile zile tunazopenda kukimbia. Msikimbie ukingoni alfajiri wala jioni, na msishuke mtoni kunawa jasho. Maji yaliyotuama mabondeni yana hatari yake pia, kichocho. Huko juu kuelekea Mloka, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, tembo huingia vijijini. Ulizeni wenyeji kwanza, na wakisema leo hapana, iwe hapana.

Masika, yaani Machi hadi Mei, bonde liachwe. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, na njia iliyopitwa na maji huacha mashimo usiyoyaona. Miezi hiyo kimbieni kwenye miinuko au kiwanja cha shule.

Mabinti wasiachwe nyumbani

Katika nyumba nyingi za Pwani, mtoto wa kiume akikua huongezewa uhuru wa kutoka, na wa kike hupunguziwa. Akivunja ungo, mara nyingi mbio zake zinaishia hapo. Kazi za asubuhi ni zake, na macho ya watu yanaogopwa. Wasiwasi wa mzazi si wa kupuuzwa, lakini una majibu. Suruali pana, shati refu na mtandio uliobanwa vizuri vinasitiri na vinakimbilika. Akienda na mama, shangazi au kundi la wenzake, hakuna wa kumsumbua. Na kaka yake akifagia uwanja siku mbili kwa wiki, dada anapata nusu saa.

Mfano upo. Magdalena Shauri wa Tanzania alishika nafasi ya tatu katika Marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Na Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, kwa tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho, alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika hapo. Si kila mtoto atafika huko, lakini wale wanaoonekana kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA walianza kwa kuruhusiwa kutoka nyumbani.

Kabla hamjatoka

Mtoto chini ya miaka sita acheze na kukimbia anavyotaka, asipimiwe kilomita. Wa miaka sita hadi tisa, kilomita moja au mbili za kukimbia na kutembea zinatosha. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha kuanzia.

Raba si lazima ziwe za bei, ila ziwepo. Kukimbia pekupeku kwenye udongo wenye unyevu ni njia ya minyoo ya safura kuingia mwilini, achilia mbali miba na chupa.

Maji yanywewe kabla na baada. Dafu ni zuri, uji usubiri hadi mkirudi. Ikifika saa 2 asubuhi jua la kiangazi limeshakuwa kali, muwe nyumbani.

Mtoto mwenye selimundu au pumu asianze bila ushauri wa daktari. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na kwa mtoto huyo kukaukiwa maji au kujichosha kupita kiasi kunaweza kuleta maumivu makali. Hilo halina maana akae ndani. Apewe mwendo wake, maji yake na ruhusa ya kusimama bila kuchekwa.

Mwisho, mjulishe jirani au mjumbe mnapita njia gani na mtarudi saa ngapi. Ukipata familia mbili za kuungana nanyi Jumamosi, tayari mna kikundi, kama vile vya jogingi vya Temeke na Mbagala. Chagueni mmoja wa kuanzisha wimbo. Mtoto akishaitikia, hataulizia simu hadi mrudi.