Chumba Kimoja Wakati wa Korona

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe, na kufikia tarehe 27 Machi kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imeanza. Kwa muda mfupi nyumba iligeuka darasa, mahali pa kazi, pa ibada na pa kuuguzia. Katika mitaa ya Nairobi kama Kibera na Mathare, familia nzima mara nyingi huishi katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, na choo na bomba ni vya ploti yote. Kunawa mara kwa mara na kukaa mbalimbali kulihitaji maji na nafasi, navyo ndivyo vilivyokuwa haba zaidi. Kwa hiyo familia hizo zilijikinga kwa vile zilivyokuwa navyo.

Kwa upande wa maji, sayansi iliwafaa. Kirusi cha korona kimezungukwa na utando wa mafuta. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja huvutwa na maji, nyingine na mafuta. Mikono ikisuguliwa kwa sekunde 20, ncha zinazovutwa na mafuta hupenya kwenye utando na kuupasua, kirusi kikasambaratika na mabaki yake yakaondoka na maji. Kazi kubwa hufanywa na sabuni na kule kusugua, si wingi wa maji. Ndiyo maana kibuyu chirizi kilienea malangoni mwa ploti. Mtungi wa lita tano hutobolewa tundu dogo karibu na mdomo, ukaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili. Kamba hufungwa kwenye shingo yake na kushushwa hadi kwenye kijiti kilicho chini. Mtu akikikanyaga, mtungi huinama na maji huchirizika. Mikono haigusi chochote ila sabuni, nayo huning'inia pembeni kwa uzi. Mwaka huohuo mvulana wa miaka tisa kutoka Bungoma alitunukiwa nishani ya rais kwa mashine ya mbao ya kunawia aliyoiunda kwa kanuni hiyohiyo ya kukanyaga.

Hewa ilikuwa mtihani mgumu zaidi. Mwezi Juni Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio mahututi, wakitengwa na wenzao. Pasipo chumba cha pili, familia zilitundika shuka katikati. Shuka humsitiri mgonjwa, lakini chembechembe laini anazotoa akipumua au kuzungumza huelea hewani na kupita juu na kando yake. Dirisha na mlango vilivyoachwa wazi vilikuwa na faida kubwa kuliko pazia lolote, pamoja na barakoa kwa mgonjwa na anayemhudumia.

Masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na intaneti. Uteuzi wa redio ulikuwa wa busara: sensa ya 2019 ilionyesha kuwa takriban asilimia 57 ya kaya zilikuwa na redio, ilhali zenye kompyuta hazikufika asilimia 9. Hata hivyo redio haijibu swali la mtoto, na mara nyingi kaka au dada mkubwa ndiye aliyegeuka mwalimu, tena katikati ya kazi za nyumbani. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea shuleni tarehe 12 Oktoba. Wengine walingoja hadi Januari 2021, na kwa waliokuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma hasara hiyo ilikuwa kubwa mno.

Vibarua vilipokatika na pesa za chakula kupungua, sukuma wiki ilipandwa kwenye magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi kuzunguka nguzo ya kokoto inayopeleka maji hadi chini, na miche huchomekwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Vyama vya akina mama vya kuweka akiba viliacha kukutana, michango ikapitia M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ambayo tangu katikati ya Machi haikutoza ada kwa kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000.

Jambo lililoumiza zaidi lilikuwa mazishi. Kuanzia tarehe 6 Aprili hadi mapema Julai watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi bila kibali, na waombolezaji walipunguzwa hadi 15. Vikao vya matanga vilifanyika kwenye makundi ya WhatsApp, rambirambi zikatumwa kwa simu, na watoto waliokuwa mjini wakamwona mzazi akizikwa kijijini kupitia kioo cha simu ya jirani. Baadhi ya familia zilifanya ibada ya ukumbusho baada ya njia kufunguliwa, ili waliozuiwa waweke shada kaburini kwa mikono yao.